Vikundi Saba vya Vyura na Siku Moja Kaptagat

Niliondoka kwa sababu ya ukuta. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kwangu, mtaa wa Pioneer mjini Eldoret, aliniomba nichore kwenye ukuta wa darasa makundi ya vyura wa sehemu zetu. Daftari langu lilikuwa na vikundi saba, nilivyovigawa kwa rangi kwa miaka minne. Kabla sijaweka kosa mbele ya watoto, nilitaka kuvijaribu mahali pengine.

Saa mbili asubuhi pikipiki ilinishusha Kaptagat, kwa Mama Jelagat, mfugaji ambaye shamba lake limepakana na kinamasi. Alikuwa anakatia ng'ombe nyasi.

"Umetoka Eldoret kuja kuangalia chura? Huko hakuna?"

"Wapo, Mama. Nataka kuwapa majina."

"Haya, Mzee wa Chura. Utawapa majina ukinisaidia kubeba nyasi."

Saa nne nilimkamata chura mdogo kwenye matete. Niliandika: kahawia, kikundi cha tatu, kidole kimoja cha mguu wa nyuma wa kushoto kimekatika. Nikamweka kwenye mkebe wa plastiki wenye matundu, maji kidogo ndani, tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi jua lilikuwa limeufikia mkebe. Ndani alikaa chura mweupe kama maziwa.

"Mama, nani amebadilisha chura wangu?"

Alicheka hadi akaweka panga chini. "Nani atakuibia chura? Si ni huyo huyo! Jua likimpiga, anakuwa mweupe."

Nilihesabu vidole. Kimoja kilikosekana, mguu wa kushoto. Weupe kwenye daftari langu walikuwa kikundi cha tano.

Nilimsogeza kivulini, nikauliza, "Sasa wewe unawatofautisha vipi?"

"Kwa miguu. Nikikata nyasi sina wakati wa rangi. Naona tu vile wanatoroka."

Mpaka saa tisa tulipima maneno yake. Wenye miguu mirefu na mikunjo mgongoni waliruka mbali. Wenye miguu mifupi, ngozi ya vipele na uvimbe nyuma ya macho walijikokota. Wenye ncha za vidole zilizo bapa walipanda matete. Wa majini walikuwa na utando mpana vidoleni na kucha ndogo nyeusi. Niliwaita Warukaji, Watambaaji, Wapandaji na Waogeleaji. Vikundi vyangu vitatu vya rangi viliingia vyote kwa Wapandaji. Vikundi saba vikawa vinne, nami nikapiga mstari kwenye kurasa za miaka minne.

Jumatatu, nikiwa nimerudi Pioneer, mwalimu mkuu alikunja uso. "Vikundi vinne tu? Na watoto wanapenda marangi!"

"Rangi inaonyesha chura amekaa wapi, Mwalimu. Mguu ndio unaonyesha ni chura gani."

Nilichora miguu minne, mikubwa, kila kidole mahali pake. Kando yake niliacha nafasi tupu ya vikundi nisivyoviona bado, kwa sababu Kaptagat nilikaa siku moja tu.