Alinililia Mume Wangu, Mimi Nikashindwa Kumlilia Mama Yake

Admin, nifichie jina, maana walimu wenzangu kadhaa wanafuata ukurasa huu. Majina ya watu pia nimebadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, Mkenya, mjane mwenye watoto. Nafundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi ya kibinafsi hapa Juba. Sikuja hapa kutafuta ualimu. Nilimfuata mume wangu, aliyekuwa anapakia mizigo uwanja wa ndege, na kazi nikaipata baada ya kufika.

Mwaka jana mume wangu aliugua malaria ikapanda kichwani. Jumatatu alilalamika kichwa, Alhamisi hakuwepo. Nilikuwa kwenye benchi la hospitali nimeshika viatu vyake wakati daktari alipotoka kuniambia. Nakumbuka nilimjibu, "Sawa, asante." Tangu hapo kuna kitu ndani yangu kilizimika, na mpaka leo hakijawaka.

Sasa niwaambie kuhusu wenzangu, kwa sababu ndio sababu ya kuandika. Mwalimu mkuu wetu, Madam Poni, alizunguka ofisi zote za vibali vya kusafirisha mwili kwa niaba yangu, kisha akasimama nami uwanjani mpaka sanduku likaingia kwenye ndege. Wenzake mume wangu wa kazini ndio waliompakia. Madam Poni alinishika mkono muda wote huo.

Na kuna Keji. Darasa lake la tatu limepakana na langu. Ni dada mwenyeji, lakini alikulia Uganda ukimbizini, kwa hivyo Kiswahili chake ni cha kule. Huyu alihamia kwangu na mkeka wake. Alinichemshia maji ya kuoga, akanipikia asida, ugali wa huku, na samaki mkavu, na nilipokataa kula alikula mbele yangu polepole mpaka nikaona haya nikachukua tonge. Nilipoenda kuzika nyumbani alifundisha madarasa mawili, akikimbia huku na huku hadi sauti ikamkauka. Na alilia, jamani. Keji alimlilia mume wangu kama kaka yake wa tumbo moja, mimi nikiwa nimekaa kando yake nikitazama ukuta.

Nilirudi Juba kwa sababu kazi ilikuwa hapa. Nafundisha, nasahihisha, nalala. Watu wakicheka ofisini najua ni wakati wa kucheka, nacheka.

Muhula huu mama yake Keji akafariki. Nilichukua darasa lake bila kuambiwa. Nilifungua mlango wa katikati nikawa nafundisha tatu na nne pamoja, nikasahihisha madaftari yao yote. Siku ya pili, baada ya masomo, walimu wote tulienda kwenye bika, msiba wenyewe, kwao mtaa wa Juba Na Bari. Kina mama walikuwa chini kwenye mikeka wanalia kwa sauti. Keji aliponiona aliinuka, akaja mbio, akanikumbatia, akaniangukia begani akipiga mayowe.

Mikono yangu ilining'inia tu. Nilijaribu kulia. Nilimfikiria mama yake, nikamfikiria mume wangu, nikafikiria hata watoto wangu ambao hawana baba. Hakuna kilichokuja. Nikasema, "Malesh, Keji," pole, kama mtu aliyekukanyaga sokoni. Akaniachia. Nikaenda nyuma ya nyumba nikaosha vyombo mpaka tulipoondoka, kwa sababu vyombo naviweza.

Aliporudi kazini aliwasalimia wote mmoja mmoja. Mimi aliniruka. Nikamfuata darasani kwake wakati wa mapumziko.

"Keji, nimekukosea?"

Alikuwa anafuta ubao. Hakugeuka. "Bwana yako alikufa, mimi nililia. Nililia mpaka macho inavimba. Mama yangu amekufa, wewe umesimama kama mti. Mimi iko mtu gani kwako?"

"Keji, hata mume wangu sijamlilia. Mpaka leo."

Hapo aligeuka. Nikadhani atanisogelea. Akasema, "Sasa mimi nijue aje? Wewe hausemi." Akachukua chaki zake akatoka.

Hatujaongea tena. Ofisini nasikia minong'ono kwamba yule Mkenya anajivuna, alichukua wema wa watu akaukalia. Siwalaumu. Kwa nje ndivyo inavyoonekana.

Ijumaa hii tunafunga muhula, na walimu wana chakula cha pamoja cha kushukuriana. Madam Poni ameniomba nizungumze. Aliniambia, "Wewe ndiye tuliyembeba kuliko wote. Wakikusikia wewe, mioyo itatulia." Nikamwambia sijui kama nitaweza. Akasema, "Sema asante tu, mwanangu. Asante haimshindi mtu."

Mimi inanishinda. Si kwamba sijui walichonifanyia. Najua kila kitu, naweza kuwahesabia mmoja baada ya mwingine. Ila sauti yangu inatoka kavu kama ya mtu anayesoma tangazo, na Keji atakuwa amekaa pale mbele. Shemeji yangu anasema kuna nafasi ya kufundisha Kitale, nirudi tu nyumbani niachane na watu. Mwalimu mwingine anasema nijilazimishe machozi, hata ya uongo, Keji aridhike. Siwezi kumfanyia Keji hivyo.

Nikinyamaza, wataamini najivuna. Nikisema ukweli kwamba sihisi chochote, nitakuwa nimewatia aibu mezani pao. Kwangu mimi kitu kimoja tu ndicho bado kinauma kidogo: sitaki Keji afike mahali ajute kwamba alileta mkeka wake nyumbani kwangu.

Nyinyi mliowahi kufa ganzi hivi, nishaurini. Ijumaa nikisimama, nimwambie nini?