Mlango wa Meli ya Baba

Harufu ya lami inayochemka hunifukuza mtoni hadi leo. Juzi nilishuka bandarini, hapa Kindu, kununua samaki, nikawakuta vijana wakiziba nyufa za boti ya mbao kwa lami na matambara. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Msinicheke, nisikilizeni kwanza.

Baba alikuwa fundi wa meli. Alitoka Kasai akiwa kijana kuja kufanya kazi mtoni, na meli aliyoipenda kuliko zote ilikuwa imekwama ukingoni tangu vita vianze. Alituambia, mimi na mdogo wangu Kapinga, kwamba iliundwa kama meli kubwa za zamani za baharini: nje mabamba ya chuma yaliyoshikwa na riveti, ile misumari minene yenye vichwa pande zote mbili; ndani mbao nzito za msaji, zinazong'aa zikipakwa mafuta. Ililetwa kutoka Ulaya vipande vipande, ikaungwa hapa hapa.

Mshahara haukuwapo, treni ya kuleta bidhaa haikuja tena, lakini kila asubuhi Baba alichukua nyundo yake ndogo akaenda kugonga riveti moja moja, sikio kwenye chuma. Iliyolegea ilitoa sauti ya chungu kilichopasuka.

"Chuma ya muzima inajibu," alitwambia.

Kapinga naye akawa anagonga masufuria na kutega sikio, mpaka anafukuzwa jikoni. Mama aliiita ile meli mke mwenzake. "Muke mwenzangu ameamuka muzuri?" alimuuliza Baba akirudi, nasi tukacheka hata njaa ikituuma.

Majirani walikuwa wakikata mabamba ya meli nyingine na kufua majembe, maana sokoni hayakuja tena. Ya Baba hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kisha Kapinga akashikwa na homa. Hospitali haikuwa na dawa. Mchuuzi mmoja alikuwa nazo, na alichotaka ni mlango wa kabini, kile chumba cha kulala cha meli ya Baba, ule wa msaji, autengenezee kitanda. Mama alipiga magoti.

"Baba Ngalula," alimwita kwa jina langu, mimi mkubwa, "toa ule mulango. Mutoto anaisha."

"Vita ikiisha, ile bato njo itatulisha," Baba aliitetea meli yake. "Homa itashuka. Tungoje kesho."

Alfajiri alikwenda kuung'oa. Nilimwona akirudi nao mgongoni, mbio mbio, na kilio cha Mama kikampokea kabla hajafika uani.

Baba aliupasua mlango ule, akatengeneza sanduku, akaziba viungo kwa lami ili maji yasiingie. Watoto wengine mtaani walizikwa kwa mikeka. Kwa akili yangu ya kitoto niliona Kapinga amepata kabini yake.

Alipomaliza kupigilia, Baba alichukua nyundo ndogo, akagonga kifuniko polepole, akatega sikio. Akagonga tena. Nilidhani ni mazoea ya kazi, anakagua misumari. Mama ndiye aliyemshika mkono.

"Inatosha, Baba Ngalula."

Hakwenda tena kwenye meli. Majirani waliimaliza, na jembe letu lenyewe lilitoka ubavuni mwake.

Nimekuja kuzaa, nimekesha na wangu wakiwaka homa, mkono wangu kifuani mwao. Ndipo nilipojua kwamba siku ile Baba hakuwa akikagua misumari. Alikuwa anangoja ajibiwe.