Nepi Zilizosimama Zenyewe

Hapa Igowole, kitambaa cheupe kikimshinda mtu, hupelekwa kwa Esta. Vitambaa vya altare vya usharika wetu anafua yeye, na majoho ya kwaya pia. Anavitia buluu ya kung'arishia, anavitia wanga aliochemsha mwenyewe kwa unga wa muhogo, kisha anavipiga pasi ya mkaa mpaka pembe zinakata. Mimi ni jirani yake, na dirisha la jiko langu linatazamana na kamba yake ya nguo. Haya ninayoyasema sikuhadithiwa.

Mwaka jana binti yake, Yusta, alifariki wakati wa kujifungua, akaacha mtoto wa kike anayeitwa Pendo. Baba wa mtoto, Lusekelo, anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku. Hakumkana mwanawe. Alikuja msibani, akalia mbele za watu, akamwachia Esta mtoto mpaka mtoto apate nguvu. Lakini huku kwetu mtoto huhesabiwa wa upande wa baba, na kila mtu alijua kwamba siku moja watu wa Ubaruku wangekuja kumchukua. Esta naye alijua, akajiapiza kwamba wakija wasikute hata doa.

Hapo ndipo alipokosea. Nepi za Pendo, za kitambaa cha taulo, alizifua kama vitambaa vya altare: sabuni nyingi, buluu, wanga, pasi, na mkunjo uleule kila siku. Ukungu ukifunguka asubuhi tulikuwa tunaziona kambani nyeupe pe, zimekakamaa, upepo unazipiga na hazitikisiki. Wapita njia walisifu. Esta akisikia sifa, kesho yake anaongeza wanga.

Mtoto akaanza kulia kila anapofungwa nepi. Mapajani akatoka upele mwekundu. Esta akadhani ni uchafu, akazidisha sabuni. Nepi nazo zikaanza kuchanika, tena palepale kwenye mikunjo. Nikamwambia, "Mama Yusta, huyu mtoto si altare." Akaninunia. Esta akinuna, hata salamu anakupa kwa kichwa.

Basi mwezi wa saba, baridi ikiwa imetukaba kooni, akaja Tupokigwe, mama yake Lusekelo. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka bonde. Alikuwa amebeba mbeleko mpya, na mbeleko ile ilitutosha kujua alichofuata. Tulipomaliza chai hakuzunguka.

"Mkwe, nimekuja kumchukua mjukuu. Huku baridi imezidi. Kule kwetu kuna jua."

Esta alikuwa amempakata Pendo, na mgeni aliponyoosha mikono, yeye akamkumbatia zaidi. Moyo uliniuma kumtazama. Yusta alikuwa mtoto wake wa pekee, na sasa hata huyu aliyebaki alikuwa anaombwa.

Wakati wa kumbadilisha mtoto, Tupokigwe akauona upele. Akachukua nepi safi kwenye rundo, akaiweka mezani wima, nayo ikasimama.

"Hii nepi mbona inasimama yenyewe?" Akaidondoshea maji kutoka kwenye kikombe. Maji yakateleza, yakamwagika sakafuni. "Unaona, mkwe? Haya maji hayaingii. Mkojo wa mtoto nao hauingii, unabaki kwenye ngozi."

Nilikuwa nimerudi na maziwa ya mtoto, nikabaki nayo mkononi nikisubiri ugomvi. Esta akaangua kilio.

"Nilitaka watu waone ana mtu," alisema. "Wasiseme mama yake amekufa, sasa hata nepi hazing'ai. Na wewe ukija usiseme."

Tupokigwe akavuta kigoda, akakaa karibu naye. Sauti yake ilishuka, sijui ile ya kuita ng'ombe ilikwenda wapi.

"Kule wanasema mwanangu amezaa akatupa. Nikienda mashineni naulizwa, mjukuu yuko wapi? Na mimi ni maneno ya watu yaliyonileta huku, mkwe. Nisikudanganye."

Siku ile hakusafiri, wala siku zilizofuata. Waliloweka nepi zote kwenye maji ya moto ili wanga utoke, na maji yakawa mazito kama uji wa mgonjwa. Tupokigwe alishika sabuni mwenyewe, akapaka kidogo tu, na kila nepi akaisuuza mpaka ikaacha kuteleza vidoleni. Buluu akaificha nyuma ya madebe, na kinyesi akasisitiza kitolewe mapema, nepi zisilale kwenye ndoo mpaka zinuke. Lakini alipotaka kuzianika juu ya moto jikoni, Esta akamzuia. Moshi wa huku unaingia kwenye kitambaa na hautoki, na joto la moto linakikakamaza kama wanga tu. Akamwonyesha pembe ya baraza ambako upepo hupita bila mvua, akamfundisha kuzikung'uta na kuzivuta pembe kabla ya kuanika, na kuzianua kabla ukungu haujarudi. Wakabishana juu ya pasi. Nadhani walifurahia kubishana.

Upele ukanyauka, ukaisha. Nepi zilizopona zilikuwa laini, zimefifia kidogo, na nilimsikia mpita njia mmoja akiuliza kama Esta anaumwa. Esta alimsikia pia, akaendelea kuanika.

Jumamosi yake Lusekelo akapiga simu. Tupokigwe alikuwa na mikono kwenye beseni, akaniomba nimwekee simu kwa sauti ya juu. Kijana alitaka kujua awapokee mama yake na mtoto stendi ya Rujewa saa ngapi.

Esta alikuwa mlangoni na Pendo kifuani. Nilimwona akifumba macho.

"Usije stendi," Tupokigwe akasema. "Narudi peke yangu. Wewe ndiye upande gari uje, mwanao akujue sura. Mtoto yuko kwao."

"Kwao si huku, mama?"

"Kwao ni hapa anapolelewa. Wakikuuliza mashineni, waambie mama yako ndiye aliyesema."

Esta akatoka mlangoni, akashuka uani polepole. Alisubiri Tupokigwe ajifute mikono kwenye kanga, kisha akamnyooshea mtoto.

"Mshike, mkwe," alisema. "Mikono yangu imechoka."

Sote watatu tulijua haikuwa imechoka.