Siku Niliyolala Chini ya Karatasi ya Mzee

Mimi ni mtu wa nyumbani. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walitawanyika, huyu Nairobi, yule Mombasa, na mimi nikafika mpaka kwenye kiti cha baba pale Bungoma, nikaona pananitosha. Kwa hivyo kwenda Kitale kumsaidia dada yangu kuvuna mahindi ilikuwa kwangu safari ya ng'ambo. Nilivuna siku mbili, ya tatu nikanyeshewa, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimelazwa kwa nimonia katika hospitali moja ndogo ya huko, wodi ya wanaume, kitanda cha nne, karibu na mlango. Dada alisema mahindi niliyovuna hayakujaza debe.

Nilivishwa gauni la hospitali. Mbele lilikuwa zuri tu. Nyuma lilikuwa na kamba tatu, ila kufikia zamu yangu zote zilikuwa zimeenda nyumbani na wagonjwa wengine.

Wodi ilitawaliwa na sista mkuu, mama mfupi mwenye viatu visivyotoa sauti. Huyo hakupi hata panadol kabla hujataja jina lako kwa kinywa chako, naye analifuata kwa kidole kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Asubuhi unataja, mchana unataja, jioni unataja. Mimi mwenye akili nyingi nikamwambia jina langu halijabadilika tangu asubuhi, labda tungojee mwaka mpya. Wodi ikacheka, nikaona nimepata kazi. Kesho yake nilijitambulisha kuwa Mkuu wa Wilaya, jioni nikawa askofu. Siku ya tatu wodi nzima ilikuwa inajibu kwa vyeo vya kujitungia, na sista anasimama tu na kikombe cha dawa mpaka uone haya useme ukweli.

Jumatatu alituongezea sinema. Alilaza gunia la mahindi kwenye kitanda kitupu, akapiga kengele, na wauguzi wakaja mbio: huyu na trei nyekundu ya dharura, huyu na mtungi wa oksijeni, huyu akiinua miguu ya gunia, miguu ambayo gunia halina. Sista anatazama saa, anakataa, anawarudisha mlangoni waanze upya. Mara nne. Niliuliza kwa sauti kama jamaa za gunia wameshaarifiwa.

Jumatano, saa ya kuona wagonjwa, nilichungulia dirishani nikaona akina mama wa kanisa kutoka Naitiri wakiingia langoni na vitambaa vyeupe kichwani. Walikuwa wakipita kitanda kwa kitanda, kuombea watu na kugawa sabuni. Wa pili kwenye mstari alikuwa mama mkwe wangu. Hakujua kama niko hapo. Mke wangu alikuwa Bungoma na watoto, na tuliona si vizuri kumtia mama wasiwasi.

Asiyetoka kwetu atauliza shida iko wapi. Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hampeani mikono, hamlali nyumba moja, mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye shamba la mtu mpaka mwenzake apite. Tangu nioe, yeye alikuwa ameona kofia yangu, mimi nimeona mgongo wake. Sasa alikuwa karibu kuuona wangu, na zaidi.

Kitanda cha tisa kilikuwa pembeni kabisa, nyuma ya pazia. Alikilalia mzee mmoja, seremala wa Bokoli mwenye vidonda vya tumbo, ambaye hakuwa amepata mgeni tangu alazwe. Nikamwendea nikamwomba tubadilishane kwa saa moja tu. Akafurahi, alisema karibu na mlango maombi yatamfikia yakiwa bado moto. Tukahama. Karatasi zetu hazikuhama. Nani anafikiria karatasi mama mkwe akiwa langoni?

Nikajifunika mpaka kichwani. Wimbo ukaingia, sabuni zikagawanywa, na katikati ya hiyo shughuli akaja muuguzi kijana na sindano za saa nane. Alikuwa ametoka likizo asubuhi hiyo, hamjui yeyote kati yetu kwa sura. Nikamsikia akisimama kitanda cha nne na kuuliza jina, kama alivyofundishwa.

"Mimi ndiye Mkuu wa Wilaya," mzee akasema. Alikuwa ameninukuu vizuri sana.

Akina mama wakacheka. Muuguzi naye akacheka, akasema basi Mkuu wa Wilaya ageuke.

Nilijua sindano ile ni yangu. Ningeweza kusema. Lakini mama mkwe alikuwa amefika kitanda cha nane, hatua mbili kutoka kwenye pazia langu, na tena sindano yenyewe ilikuwa ya kuuma. Nikajiambia kukosa moja hakutaniua. Kuhusu mzee sikujiambia chochote.

Kwa kuwa sasa nilikuwa na nafasi ya kupumzika, nikaivuta karatasi ya mzee pale miguuni nisome. Juu kabisa, kwa wino mwekundu: ASIPEWE PENISILINI. ALIWAHI KUZIMIA.

Kila siku nilikuwa nikidungwa hiyo penisilini.

Sikumbuki kulipita pazia. Nakumbuka mama mkwe akirudi nyuma, na sauti yangu.

"Sista, huyo si mimi!"

Sindano ilikuwa imeshatoka. Mzee alikuwa akijikuna shingo. Midomo ikavimba mbele ya macho yetu, pumzi ikaanza kupiga filimbi, na macho yakageuka juu. Kengele ikalia, na wauguzi wakaja vile vile walivyokuja kwa gunia, kila mtu mahali pake, bila kugongana. Trei nyekundu ikafunguliwa na sista mwenyewe akamdunga adrenalini pajani. Nilijua kila hatua kabla haijafika, maana nilikuwa nimeicheka mara nne. Miguu peke yake haikuwa na mtu. Siku hiyo kazi ya miguu ilikuwa ya muuguzi kijana, naye ameduwaa na sindano tupu.

"Wewe, shika mguu huu," sista akaniambia. "Na wewe mama, ule. Juu."

Mama alikuwa mama mkwe.

Tukasimama uso kwa uso, kila mmoja na mguu wa seremala. Yeye alitazama mabati akiomba. Mimi nilitazama mabati yale yale. Nyuma yangu upepo wa mlangoni ulikuwa ukinikumbusha habari ya zile kamba. Mguu ulikuwa baridi na mzito, nami sikuwa na utani hata mmoja. Sista akadunga mara ya pili. Tuliendelea kushika mpaka nikahisi vidole vya mguu vikijikunja.

Sista akainama. "Mzee, jina lako nani?"

Akataja majina yake, polepole, yote matatu.

Jioni sista aliniletea kitabu cha ripoti. Muuguzi kijana alikuwa ameandika sehemu yake, kurasa zimelowa machozi.

"Ulimsikia mzee akiulizwa?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Mama mkwe alikuwa karibu."

"Andika hivyo hivyo," akasema, akanipa kalamu.

Niliporudi Bungoma, mke wangu alikuwa na kifurushi kutoka Naitiri. Kwetu, mkwe na mama mkwe wakishaonana namna ile, lazima mkwe apeleke blanketi la kufuta aibu, na langu nilipeleka. Lakini mama mkwe alitangulia. Ilikuwa pajama nzito, suruali ikiwa imeshonwa nyuma mara mbili. Kifuani, kwa uzi mwekundu, majina yangu matatu.