Piko Chini ya Saa

Ukitaka mkono wa bi harusi uchorwe ukachoreka, njoo kwangu. Si majivuno hayo, waulize watu kutoka Msambweni mpaka Ukunda. Kusoma sikusoma sana, lakini piko, hii rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, nalijua, na wajukuu wangu wote nimewachora mimi.

Mmoja wao ndiye huyu wa mbio. Akishaswali alfajiri anavaa suruali na viatu, huyoo, ufukweni. Hoteli moja kule Galu ilikuwa ikitafuta msichana wa kuwafanyisha wageni mazoezi, na walioomba waliitwa siku moja waje wajaribiwe kwa kukimbia mchangani. Kazi ile aliitaka kama mwenye homa anavyotaka maji. Mimi sikuitaka. Mjukuu wangu arukeruke mbele ya wanaume walio nusu uchi? Nilinyamaza, lakini moyoni nilikuwa nimeshakataa.

Siku chache kabla ya majaribio tukawa na harusi ya binamu yake.

"Bibi, mimi nichore vidole tu."

"Vidole ni vya watoto. Lete mkono hapa, mke mwenzangu."

Ndivyo ninavyomwita, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, hata babu akiwa kaburini. Nikamvua ile saa yake ya mazoezi, nikamjaza maua meusi mikono yote miwili, mpaka juu ya vifundo.

Harusi ikaisha, akarudi kwenye mbio zake. Asubuhi moja alikuja kuketi barazani, uso umempauka.

"Bibi, saa inasema moyo unapiga mia mbili. Mara inashuka sitini. Na nimekimbia polepole tu."

"Wajisikiaje?"

"Sijambo. Lakini saa..."

Babu yake alianguka katika miwa ya Ramisi, panga mkononi, moyo umesimama. Nikamwambia, "Hukimbii tena. Wataka nikuzike na wewe?" Viatu nikavifungia kwenye kasha. Majaribio yalikuwa kesho yake. Alilia, hakwenda.

Niliogopa, wallahi niliogopa. Lakini ndani ya hofu ile mlikuwa na furaha kidogo, kama sukari iliyobaki chini ya kikombe.

Baadaye nikampeleka zahanati. Muuguzi, mama mmoja wa bara, alimrusharusha mpaka jasho likamtoka, kisha akamshika mkono, akahesabu mapigo kwa vidole vyake. Akaitazama saa. Akautazama mkono.

"Amekuchora nani?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

"Kazi nzuri, mama. Lakini saa hii ina taa chini, ndizo zinazochungulia damu ndani ya ngozi. Rangi yako nyeusi imezizibia. Haioni kitu, inabahatisha tu."

Akaipandisha saa karibu na kiwiko, pasipo na maua, akamrusha tena. Safari hii saa na vidole vyake vikasema neno moja. Moyo wa mtoto mzima kabisa.

Njiani mjukuu wangu alicheka. "Bibi wewe! Umenipamba mpaka nimekosa kazi!" Alicheka huku akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Hoteli ilikuwa imeshachukua mwengine.

Kwa lile piko mjukuu wangu amenisamehe, tena hata sikumwomba. Ile furaha yangu haijui.

Viatu nilivitoa kwenye kasha mwenyewe, nikavipangusa vumbi, nikaviweka mlangoni pake. Sasa kuna hoteli nyengine imemwita, na juzi tukawa na harusi tena. Akaninyooshea mikono yote miwili, hana wasiwasi. Nikachora vidole, nikachora kiganja, nikakomea hapo.

"Bibi, piko limekwisha?"

"Halijakwisha. Hapo ni pa saa."

"Ndiyo maana nakupenda," akasema.

Nikainama nikapuliza vidole vyake vikauke. Nilipuliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana nikiinua uso angeniuliza nina nini.