Kampuni Iliyoniagiza Mashati

Mwaka wa uchaguzi nilikuwa nashona kwenye baraza la duka la vitambaa, Kariakoo. Siku moja akaja wakili na marobota mawili ya kitenge. Alitaka mashati ya timu ya kampeni ya mgombea udiwani. Nikamuuliza risiti niandike jina la mgombea au la chama. Akanitajia kampuni ambayo sikuwahi kuisikia.

"Mwenyewe nani?" nikauliza.

"Kampuni ni mtu, mama. Kisheria ina jina lake, ina mali zake, inashtaki na kushtakiwa."

"Na kura inapiga?"

"Kura haina," akasema, akitabasamu. "Ina marafiki."

Nilishona, lakini jibu lile halikunikaa vizuri. Mkutano ulipofanyika pale pale Kariakoo, nilienda kusikiliza. Vijana walivaa mashati yangu. Kola zangu nazijua hata kwa mbali. Mgombea akawashukuru wananchi kwa kujichanga. Kampuni hakuitaja hata mara moja.

Alishinda. Haikupita miezi mingi, tukabandikiwa tangazo ukutani: mabaraza ya mtaa wetu yanaondolewa, nafasi itakuwa maegesho ya magari, na atakayeyaendesha ni kampuni ile ile. Mstari ule niliusoma mara tatu.

Tulikuwa mafundi saba. Mwenye duka, mzee wa Kiarabu aliyetuweka pale miaka yote bila kututoza, alishauri tuanze kwa diwani. Diwani alitupokea vizuri. Alisema kampuni hiyo haijui, na kwamba tenda ni mambo ya wataalamu. Nikamwambia mashati ya kampeni yake niliyashona mimi, na nakala ya risiti ninayo.

"Umeiweka wapi, mama?" akauliza taratibu.

Nikasema nyumbani. Ilikuwa ndani ya mkoba, mapajani pangu.

Kesho yake tulifuata anwani ya kampuni, Gerezani. Tukakuta mlango wa bati katikati ya maduka mawili ya spea, umepigwa kufuli. Muuza spea alisema hajaona mtu akiingia humo. Zinakuja barua tu, na dereva hupita kuzichukua.

Tukapeleka malalamiko manispaa. Siku ya kusikilizwa, upande wa kampuni alikaa wakili yule yule. Alieleza kuwa mteja wake ana haki ya kumsaidia amtakaye, kama mtu mwingine yeyote. Mimi hakunitazama. Nilimwomba mwenyekiti wa kikao amwite huyo mteja, angalau tumwone uso. Akasema aliyekuja anatosha.

Wiki iliyofuata mabaraza yalivunjwa. Wenzangu wengi walirudi kushona makwao. Mimi mzee alinipa kona ndani ya duka, nyuma ya marobota, ambako nawasha taa mchana kutwa. Siku hizi wanaingia watu nadhifu, hawagusi kitambaa, wanaulizia tu jengo ni la nani. Mzee anawajibu kwa upole. Mimi nasimamisha cherehani nisikie vizuri.