Miche Iliyokosa Alama

Shamba langu lilichaguliwa kwa sababu ya ubaya wake. Nasema hivyo kwa shukrani, maana sikuwahi kufikiri kwamba kiduha kingeniletea wageni. Hilo ni gugu lenye maua mazuri ya zambarau. Hushika mizizi ya mtama chini ya ardhi na kuinyonya, hadi unakuta mtama umesinyaa kama wa kiangazi, na mvua imenyesha jana. Upande wetu wa Mgori kila mtu alikuwa nacho, lakini mimi nilikuwa nacho tele. Mtaalamu wa mbegu, mama mmoja mpole aliyekuja na gari la utafiti, alilitazama shamba akasema, "Mzee, hapa ndipo penyewe."

Soko lilikuwa limeshafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi wakati huo. Ghala la ushirika lilibaki na popo wake, alizeti zilifuatwa mlangoni na wenye malori, na mbegu tulinunua mnadani kwa yeyote aliyetandika turubai. Ukiuliza imetoka wapi, unaambiwa, "Mzee, mbegu ni mbegu."

Mtaalamu alipanda mtama wake kwenye kipande kimoja cha shamba langu. Kila mche ulivishwa kibandiko chenye namba. Miche ilipofika kimo cha kiganja, alikata vipande vidogo vya majani, akavitia kwenye vichupa, na vichupa kwenye sanduku la barafu. Alinieleza kwamba zamani ungengoja mpaka mavuno ndipo uone mche upi umekishinda kiduha. Sasa wanasoma vinasaba, yaani urithi ambao mche umepewa na wazazi wake, na humo wanatafuta alama inayoandamana na kinga ya kiduha. Wenye alama unabaki, usio nayo unang'olewa ukingali mdogo. Wenzao, alisema, wameifanya sana kazi hiyo kwenye ngano. Kwenye mtama ndiyo kwanza wanaanza. Nilimshukuru Mungu kwa siri aliyoiweka ndani ya jani, na kwa kuwapa waja wake akili ya kuisoma.

Aliyepakana nami shamba alikuwa mjane wa rafiki yangu. Tuliitana shemeji. Alisimama mpakani, akaegemea jembe akitazama vile vichupa.

"Shemeji, siku hizi mtama nao unapimwa damu?"

"Unapimwa."

"Na majibu unapewa wenyewe, au yanatangazwa?"

"Yanatangazwa. Usiokutwa na alama unang'olewa."

Alicheka mpaka akaliachia jembe. "Basi afadhali sisi."

Baada ya wiki chache mtaalamu alirudi na majibu. Alifunga kitambaa cheupe kwenye kila mche wa kubaki, na iliyokosa ilikuwa mingi kuliko iliyopata. Ile ya vitambaa, aliniambia, isitoke hapa, wala mche wala mbegu, mpaka kazi iishe, kwa sababu bado haijathibitishwa. "Nakuachia amana, mzee." Iliyobaki niing'oe, niwape mbuzi.

Lakini kwetu mtu akipunguzia mtama, miche anayoing'oa haitupwi. Jirani mwenye mapengo shambani huja na ungo wake, naye hanyimwi. Kesho yake sijamaliza hata mistari miwili, shemeji akatokea na ungo. Mbegu yake ya mnadani ilikuwa imeota hapa na pale tu, na shamba lile ndilo lililomlisha yeye na wajukuu aliokuwa akiwalea.

"Hii imefeli, shemeji," nilimwambia. "Haina kinga ya kiduha."

"Imefeli mtihani wa nani? Mimi naona majani mabichi."

"Kiduha kitaimaliza."

"Na pengo je, litanipa nini?" Akauweka ungo chini. "Nipe hii hii."

"Ile nyingine si yangu."

"Najua. Ndiyo maana sijaiomba."

Kwa miaka mingi nilikuwa nimewafundisha watoto wa madrasa kwamba mtu akitoa asichague kibovu ambacho yeye mwenyewe asingekipokea ila kwa kufumba macho. Niliwafundisha pia kwamba amana hailiwi wala haigawiwi. Yalikuwa masomo ya siku mbili tofauti. Sasa nimeinama shambani, mkono mmoja unashika mche wenye kitambaa ili usitikisike, mwingine unang'oa uliokosa na kumpa mjane. Nilimchagulia yenye mizizi minene, kana kwamba mizizi minene ingesaidia. Nilijua haisaidii.

Miche yake ilishika. Mvua zilikuwa za kutosha, Alhamdulillahi, na kwa muda nilijidanganya kwamba mtaalamu amekosea. Kisha maua ya zambarau yakatokea shambani mwake, mstari kwa mstari, palepale tulipojaza mapengo. Mtama wangu wa vitambaa ulisimama. Nikaanza kwenda msikitini kwa njia ya mbali, nisimwone ameinama anang'oa kiduha kwa mikono. Nilimwombea kila nilipoinua viganja, na kila mara niliona haya, kama mtu anayemsukumia Mola kazi aliyoikwepa mwenyewe.

Wakati wa mavuno, mtu aliyepewa miche hupeleka masuke ya kwanza kwa aliyempa, kabla hajatwanga ya nyumbani kwake. Shemeji alikuja na beseni kichwani.

"Karibuni mavuno. Miche yenu hiyo."

Masuke yalikuwa mazima, yamejaa punje. Mimi nililijua shamba lile. Mazima hayakuwa mengi, na alikuwa ameyachagua yote akatuletea sisi.

Mke wangu aliyamimina mkekani. Beseni la mtu halirudi tupu, kwa hiyo alisimama nalo mkononi akaniangalia, kisha akaangalia pembeni ulikokuwa mfuko wa masuke ya ile miche ya vitambaa, umefungwa, unamngoja mtaalamu.

"Tumtilie nini?"

Nami nikautazama ule mfuko. Shemeji alikuwa mlangoni akipunga hewa kwa upande wa kanga.

"Alizeti," nikasema.

"Alizeti," mke wangu akarudia, wala hakuwa anauliza. Akaenda kuzichota.

Shemeji alifurahi. "Alizeti! Hizi nitazikamua, shemeji, nikuletee chupa ya mafuta."

"Usilete, shemeji."

"Kwa nini nisilete?"

Nikainama nikamwinulia beseni. Alijitwika akatuaga, na mke wangu akaketi kupukuchua yale masuke. Jioni nilisema bismillahi nikala ugali wa mtama wa shemeji. Ulikuwa mtamu, na sikuacha tonge.